Jinsi ya kujua umbali na masaa ya ndege kati ya viwanja viwili vya mbali bila kuchanganywa na saa za kwenye tiketi

Watu wengi wakitaka kujua safari ya ndege ina urefu gani wanashika tiketi, wanatazama saa ya kuondoka na saa ya kufika, wanatoa, basi wamemaliza. Inaondoka 10:00 inafika 15:00, aah, masaa matano tu hayo. Kumbe tiketi yenyewe ni ya Johannesburg kwenda São Paulo na ndani ya ndege utakaa masaa kumi mazima, maana ile 10:00 ni saa ya Johannesburg na ile 15:00 ni saa ya São Paulo, na kati ya hiyo miji kuna tofauti ya masaa matano. Mtu anapanda hajajiandaa kabisa, dawa anazotakiwa kunywa kila baada ya masaa sita ziko kwenye begi kubwa ambalo limeshaenda chini huko, mtoto ana nepi mbili tu mkononi. Ndo maana nimeona niandike hii kitu taratibu, sio ngumu ila lazima uende kwa mpangilio.

Kitu cha kwanza kabisa, tenganisha vitu vitatu kichwani. Kuna umbali, huo ni kilomita, haubadiliki. Kuna muda wa kukaa kwenye ndege, huo unabadilika kutegemea upepo, aina ya ndege na njia waliyopita siku hiyo. Alafu kuna saa na tarehe ya ukutani kule unakofika, hiyo ni hesabu nyingine kabisa na inahusu majira ya nchi. Ukivichanganya hivi vitatu utakosea, ukivifanya kimoja kimoja hukosei hata kama safari ni ya kuzunguka nusu ya dunia.

Hakikisha uwanja kwanza

Kabla ya kupima chochote jua ni viwanja vipi hasa, sio miji. Kila uwanja wa abiria una kodi, yaani msimbo, wa herufi tatu na hiyo ndo utumie. London ina LHR, LGW, STN na LTN na vingine, Tokyo ina HND (Haneda) na NRT (Narita), New York ina JFK na LGA na watu wengi wanaoenda New York wanashukia EWR ambayo kiukweli iko jimbo la jirani. Kwa upande wa kilomita tofauti ni ndogo ukilinganisha na safari nzima, ila kama unaunganisha ndege na ya kwanza inatua Narita ya pili inaondokea Haneda, hapo umeongeza safari ya barabarani ya zaidi ya kilomita 50 ambayo hukuihesabu popote.

Alafu kuna miji yenye majina yanayofanana. SJC ni San Jose ya California, SJO ni San José ya Costa Rica. Birmingham ya Uingereza ni BHX, ya Marekani ni BHM. Kuna Sydney ya Australia ambayo ni SYD na kuna Sydney ndogo huko Kanada, YQY, na kuna abiria wameshawahi kujikuta Kanada wakati walitaka Australia. Kwaiyo ukiingiza jina la mji kwenye programu ya kupima umbali na ukapata namba ya ajabu, angalia kodi kabla hujailaumu programu.

Kupima umbali

Ramani ya ukutani itakudanganya, hilo naomba ulikubali mapema. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, na ramani iliyozoeleka zaidi, ile ya mtindo wa Mercator wa mwaka 1569, inavuta sehemu zote zilizo karibu na ncha za dunia zinaonekana kubwa mno. Ndo ile Greenland inaonekana inakaribia kulingana na Afrika wakati Afrika ni kubwa kama mara 14. Sasa ukichukua rula ukapiga mstari ulionyooka kwenye ramani hiyo kutoka Dubai mpaka Los Angeles, mstari unakatiza Afrika kaskazini na bahari ya Atlantiki, unaona hiyo ndo njia. Sio. Njia fupi inapanda juu kabisa kupita karibu na ncha ya kaskazini alafu inashuka Kanada, na ni kama kilomita 13,420. Vivyo hivyo kusini, ndege za Sydney kwenda Santiago ya Chile zinateremka kusini sana kuelekea upande wa Antaktika, na abiria akitazama skrini ya mbele yake anadhani rubani amepotea, hajapotea, hiyo ndo njia fupi kuliko zote.

Njia ya kujionea mwenyewe bila kompyuta ni tufe la dunia na uzi. Zungusha uzi kwenye ikweta ya tufe lako upime kwa rula, tuseme umepata sentimita 100. Mzunguko wa dunia pale ni kama kilomita 40,000, kwaiyo kila sentimita moja ni kilomita 400. Sasa weka ncha ya uzi kwenye mji wa kwanza, uvute ukaze mpaka mji wa pili, ukikaza vizuri uzi wenyewe utajipeleka kwenye njia fupi. Johannesburg mpaka São Paulo utapata kama sentimita 18 na nusu, zidisha 400, kilomita 7,400. Mi nampendekezea kila mtu afanye hivi angalau mara moja, hasa kama una watoto, kwasababu ukishaona uzi umekaa kule juu karibu na barafu hutakaa uamini tena rula kwenye ramani bapa.

Kama unataka namba sahihi zaidi tumia koodineti. Kila uwanja una namba mbili, latitudo na longitudo, unazipata ukitafuta tu jina la uwanja kwenye intaneti. Kusini ya ikweta latitudo inakua hasi, magharibi ya Greenwich longitudo inakua hasi, na hapa ndo watu wanaharibu zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote, wanasahau alama ya kutoa. Fungua Excel au programu yoyote ya majedwali, weka latitudo ya uwanja wa kwanza kwenye A1 na longitudo yake B1, ya uwanja wa pili A2 na B2, alafu kwenye kisanduku kingine bandika hii:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(A1))*SIN(RADIANS(A2))+COS(RADIANS(A1))*COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(B2-B1)))

Ile 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita, kwa wastani. Neno RADIANS usiliache, bila hilo programu inasoma digrii zako kama radiani na utapata jibu la hovyo kabisa. Jaribu na mfano wetu, São Paulo GRU ni -23.43 na -46.47, Johannesburg JNB ni -26.14 na 28.25. Jibu linatoka kama kilomita 7,440. Umeona linakaribiana na la uzi? Dunia sio tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwaiyo hesabu hii inaweza kukosea kwa kama nusu asilimia hivi, kwa kupanga safari hiyo haina shida yoyote.

Na kwa kujihakikishia tu, hakuna viwanja viwili duniani vinavyoweza kuachana zaidi ya kama kilomita 20,000, maana hiyo ni nusu ya mzunguko wa dunia, ukivuka hapo umeanza kurudi kwa upande wa pili. Ukipata 23,000 jua umekosea hesabu mahali au umejumlisha na kituo cha njiani.

Wasiotaka hesabu, tovuti ya Great Circle Mapper unaandika kodi mbili inakupa umbali na inakuchorea njia. Angalia tu ni kipimo gani imekupa. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, maili ya baharini ambayo ndo wanayotumia marubani ni kilomita 1.852. Safari yetu ya kilomita 7,440 ni maili kama 4,620 za nchi kavu lakini ni maili 4,020 hivi za baharini, na mtu akikutajia tu "maili" bila kusema ipi, tofauti hapo ni mamia ya maili.

Ndege haipiti kwenye uzi

Huo umbali uliopata ni wa chini kabisa unaowezekana, ndege halisi inapita zaidi kidogo. Inaondoka kwa kufuata upande wa upepo na njia za uwanja, inazunguka kukaa sawa, inafuata njia za angani zilizopangwa, inakwepa mawingu ya radi, ikifika inaweza kuambiwa izunguke kusubiri zamu. Shirika la usafiri wa anga la umoja wa mataifa, ICAO, kwenye hesabu zao za moshi wa ndege wanaongeza kilomita 50 kwa safari fupi za chini ya kilomita 550, wanaongeza 100 kwa zile za 550 mpaka 5,500, na 125 kwa zilizozidi hapo. Ni nyongeza nzuri ya kuanzia na wewe unaweza kuitumia tu.

Lakini kuna sababu moja inayoweza kuharibu hesabu yote nayo ni anga kufungwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Helsinki kwenda Tokyo. Kwenye tufe ni kama kilomita 7,800 na zamani ilikua inachukua kama masaa tisa na nusu, ndege inakatiza Urusi moja kwa moja. Toka Februari 2022 anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya ikabidi wazunguke, ama juu kabisa kupitia ncha ya kaskazini ama chini kusini, na safari ikafika kama masaa 13. Viwanja havijasogea hata mita moja, uzi kwenye tufe ni ule ule, masaa matatu na zaidi yameongezeka. Kwaiyo kama njia fupi yako inapita juu ya nchi yenye vita au iliyofungiana anga na shirika unalosafiri nalo, usiamini kilomita, nenda kaangalie muda halisi.

Na ndege zenye injini mbili, ambazo ndo nyingi siku hizi, zina sharti kwamba lazima wakati wote ziwe ndani ya muda fulani kufika uwanja wa dharura kama injini moja itazima. Ndege za kisasa zinaruhusiwa muda mrefu kwaiyo hii haiongezi sana kama zamani, ila juu ya bahari kubwa za kusini bado inapindisha njia.

Kugeuza kilomita kuwa masaa

Hapa nina kanuni moja naitumia na haijawahi kuniangusha kwa safari ndefu, gawanya kilomita kwa 850 alafu ongeza nusu saa. Ndege kubwa zinapokua juu zinakwenda kama kilomita 900 kwa saa, ndogo ndogo zenye njia moja tu ya kupita katikati ya viti, mfano Airbus A320, kama 830, lakini njia imepinda kidogo na kuna kupanda na kushuka kwa mwendo mdogo, kwaiyo 850 inakaa katikati vizuri, na ile nusu saa ni ya kutambaa uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Tuijaribu. Singapore mpaka New York JFK ni kama kilomita 15,350, mojawapo ya safari ndefu kuliko zote zinazoruka bila kutua popote. Gawanya kwa 850 unapata kama 18, ongeza nusu, masaa 18 na nusu hivi, na ratiba yenyewe ni karibu masaa 19. Perth mpaka London ni kilomita 14,500, kanuni inatoa masaa 17 na nusu na ndege kweli inachukua masaa 17 na kitu. London mpaka New York, kilomita 5,540, kanuni inasema masaa saba. Na hii ya mwisho ndo inatuleta kwenye jambo ambalo watu wanaulizana kila siku, maana kwenda New York ni karibu masaa manane na kurudi London ni masaa sita na nusu mpaka saba. Kanuni imekaa katikati, nini kinafanya pande mbili zisilingane?

Utasikia mtu anasema ni kwasababu dunia inazunguka chini ya ndege. Hapana, sio hivo. Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia na ndege iko ndani ya hiyo hewa, ingekua ni hivo basi ungeruka juu sebuleni ukajikuta chumba kingine. Sababu ni upepo. Juu huko, kwenye kimo cha kilomita 9 mpaka 12 ambapo ndege kubwa zinaruka, kuna mito ya upepo mkali inayoitwa jeti strimu, inavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati mwingine inapita kilomita 300 kwa saa. Anayekwenda mashariki inamsukuma mgongoni, anayekwenda magharibi inampiga usoni. Kaskazini ya dunia inakua kali zaidi majira ya baridi, kwaiyo hata ratiba ya Januari na ya Julai kwa safari hiyo hiyo unaweza kukuta hazifanani. Februari 2020 kulikua na dhoruba kubwa Atlantiki na Boeing 747 moja ikatoka New York ikafika London kwa masaa manne na dakika 56, ikipita kilomita 1,300 kwa saa ukipima kwa ardhini. Na haikuvunja mwendo wa sauti, maana ndani ya hewa yenyewe ilikua kwenye mwendo wake wa kawaida, ni hewa yote ndo ilikua inakimbia nayo.

Kusini ya dunia mambo ni yale yale. Johannesburg kwenda Sydney ni kama masaa 12, kurudi ni kama 14, kilomita ni 11,000 na kidogo. Kanuni inakupa 13 na nusu. Na mfano wetu wa mwanzo, kilomita 7,440 inatoka masaa tisa na robo, uhalisia ni kama tisa au pungufu kidogo ukielekea mashariki na kama kumi ukielekea magharibi. Kwaiyo ninavofanya mi nikishapata jibu la kanuni, kama safari ni ya mashariki-magharibi na iko mbali na ikweta, napunguza nusu saa mpaka saa moja kwa upande wa mashariki na naongeza hivo hivo kwa upande wa magharibi. Safari za kaskazini-kusini sizigusi, zinakaribia kulingana kwenda na kurudi. Na karibu na ikweta upepo wa juu hauna nguvu hiyo.

Kitu kimoja wengi hawakijui, ule upepo haujilipi. Unaweza kufikiri kinachopotea kwenda kinarudishwa wakati wa kurudi. Chukua kilomita 5,540, ndege ya 900 kwa saa, upepo wa 150. Kwenda na upepo ni 1,050 kwa saa, masaa 5.3. Kurudi ni 750 kwa saa, masaa 7.4. Jumla 12.7. Bila upepo kabisa ingekua 12.3. Inatokea hivo kwasababu kwenye upepo wa usoni unakaa muda mrefu zaidi, unakula hasara kwa masaa mengi na faida kwa masaa machache. Ndo maana kuvuka Atlantiki ya kaskazini njia za angani zinapangwa upya kila siku kufuata upepo ulivyo, wa kwenda mashariki wanawekwa uliko, wa kwenda magharibi wanaukwepa hata kama njia inakua ndefu kwa kilomita.

Muda unaoandikwa kwenye ratiba unahesabiwa toka ndege inasukumwa kutoka getini mpaka inaegeshwa geti la pili, na mashirika mengi yanaongeza dakika za akiba humo ndani. Kwaiyo ukisikia rubani anasema tumefika dakika 25 kabla ya muda usidhani alikimbiza, mara nyingi zile dakika zilikuwepo tayari.

Saa na tarehe

Sasa tunarudi kwenye tiketi. Sheria ni moja tu, kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya uwanja husika. Kuondoka ni saa ya kule unakoondoka, kufika ni saa ya kule unakofika. Ili upate muda halisi badilisha zote mbili ziwe UTC kwanza, yaani ile saa moja ya dunia ambayo majira ya kila nchi yanahesabiwa kutoka kwake. Johannesburg iko mbele ya UTC kwa masaa mawili, São Paulo iko nyuma kwa matatu. Kuondoka 10:00 toa mbili, ni 08:00 UTC. Kufika 15:00 ongeza tatu, ni 18:00 UTC. Masaa kumi. Kurudi, tuseme unaondoka São Paulo 18:00 unafika Johannesburg 08:00 kesho yake, hapo ukitoa kijinga unapata masaa 14 unaanza kuogopa, ila ukibadilisha ni 21:00 UTC mpaka 06:00 UTC, masaa tisa. Kwenda ilionekana tano kurudi ikaonekana 14, kumbe ni kumi kwenda, tisa kurudi.

Angalia sehemu zenye nusu saa. India ni UTC na masaa matano na nusu, Iran ni matatu na nusu, Nepal ni matano na dakika 45. China yote nzima na ukubwa wake inatumia majira mamoja, UTC na masaa manane, kwaiyo usijaribu kukisia kwa kuangalia ramani.

Mtego mwingine ni nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Ulaya wanasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tarehe hazilingani, kwaiyo kuna wiki mbili tatu za Machi na wiki moja ya mwisho wa Oktoba ambapo London na New York zinaachana masaa manne badala ya matano. Sydney inasogeza kinyume kwasababu majira yake ya joto ni miezi ya Desemba na Januari, na Brisbane ambayo iko nchi hiyo hiyo haisogezi kabisa. Brazil waliacha mwaka 2019. Kwaiyo tofauti ya masaa itafute kwa tarehe ya safari, sio ya leo unaponunua tiketi.

Mstari wa tarehe kwenye bahari ya Pasifiki unatisha watu bure, hesabu ya UTC inaumaliza wenyewe. Ukiondoka Auckland Ijumaa saa tano usiku mwezi wa Julai, ndege ikachukua masaa tisa, unafika Honolulu saa nne asubuhi ya Ijumaa ile ile, siku imeanza upya. Ukirudi unaondoka Honolulu Ijumaa saa nane mchana, masaa tisa, unashuka Auckland Jumamosi saa tatu usiku. Kwenye tiketi utaona alama ya +1 au +2 pembeni ya saa ya kufika, na ukivuka Pasifiki kwenda mashariki unaweza kuona -1, hiyo sio kosa la uchapaji.

Ila mtego ulionipata mimi mwenyewe hauna hata uhusiano na majira. Tiketi iliandika Ijumaa 00:20. Hiyo ni saa sita na dakika ishirini usiku, na Ijumaa ya tiketi imeanza dakika ishirini tu zilizopita, maana yake unatakiwa uwe uwanjani Alhamisi jioni. Mi nilijiandaa Ijumaa mchana kutwa, nikafika uwanjani Ijumaa usiku, ndege ilikua imeshaondoka karibu siku nzima. Toka siku ile tiketi yoyote ya kati ya 00:00 na 03:00 naandika kwenye kalenda ya simu siku iliyotangulia, kwa saa ya kutoka nyumbani sio saa ya kuruka. Nakuomba ufanye hivo hivo.

Kama kuna kuunganisha

Kituo cha njiani kinaweza kuongeza kilomita kidogo sana au nyingi sana kutegemea kama kiko kwenye njia. Sydney mpaka London kwenye tufe ni kama kilomita 17,000. Ukipitia Singapore ni kama 6,300 na 10,900, jumla 17,200, karibu sawa na moja kwa moja. Ukipitia Dubai inakua kama 17,550. Ukipitia Perth, 17,800. Ukipitia Los Angeles ni 12,050 na 8,780, jumla 20,830, karibu kilomita 4,000 za ziada, hayo ni masaa manne na nusu angani. Kwaiyo ukiona tiketi mbili, pima kila kipande peke yake alafu jumlisha, usitazame ramani ukasema hii inaonekana karibu.

Masaa nayo piga kipande kwa kipande, kanuni ya 850 na nusu saa kwa kila mruko, alafu ongeza muda wa kukaa kituoni. Sydney kwenda Singapore ni kama masaa nane, Singapore kwenda London kama 14, ukikaa kituoni masaa mawili ni 24. Ukikaa tisa ni 31 na kilomita hazijaongezeka hata moja, na kiukweli kwa safari nyingi za kuunganisha muda wa kituoni ndo unaoamua safari ni ndefu au fupi, sio umbali. Chini ya saa moja na nusu kwenye uwanja mkubwa mi sipendi, na kama tiketi ni mbili tofauti ulizonunua kila moja peke yake weka masaa manne au zaidi, maana ya kwanza ikichelewa yule wa pili hakusubiri na kwa kawaida begi lako itabidi ulichukue na kulikabidhi upya, na nchi nyingine zitakudai viza ili uweze kutoka kulichukua.

Maneno nayo yaangalie. Wakisema safari ni ya moja kwa moja wakati mwingine maana yake ni namba moja ya ndege tu, inaweza kutua mahali njiani, abiria wengine wakashuka, ikaendelea. Uliza kama inatua popote au haitui.

Hakiki kabla ya siku yenyewe

Ukishapata namba zako kwa mkono, nenda kwenye tovuti ya Flightradar24 au FlightAware uandike namba ya ndege yako. Utaona safari za siku zilizopita, iliruka saa ngapi, ikatua saa ngapi, ilipita wapi. Hii ndo picha ya kweli ya upepo wa msimu huo na anga zilizofungwa wakati huo. Kama hesabu yako na muda wa angani vinaachana kwa dakika arobaini hivi uko vizuri, ratiba ina dakika za getini na za akiba. Vikiachana masaa mawili, rudi nyuma utafute kosa kwa mpangilio huu, alama ya kutoa kwenye koodineti, maili badala ya kilomita, majira ya saa yaliyosogezwa, alafu mwisho kabisa njia iliyozungushwa.

Na kwa mtu anayekupokea usimwambie "nafika baada ya masaa kumi", mtumie namba ya ndege, kodi ya uwanja, na saa ya kufika pamoja na siku na tarehe kwa majira ya kwake yeye.